Jua la Juni Liko Kaskazini



Ikifika Juni malalamiko huwa yale yale. Taa ya sola ya nje, iliyokuwa ikikesha mwezi wa Oktoba, sasa inazimika saa nne, saa tano usiku. Na jibu nalo huwa lile lile: ni baridi. Kipupwe kimeingia, jua limepoa, betri imeganda. Nimelisikia kwa wauzaji mnadani, nimelisikia kwa mafundi simu, na nimelisikia kwa vijana wa sekondari waliosoma fizikia kuliko mimi. Jioni hii nataka kulipinga. Kwa taa ya sola iliyofungwa hapa kwetu Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kipupwe ni miongoni mwa miezi mizuri ya mwaka. Ikizimika mapema, tutafute sababu kwingine.

Kwanza tuulizane habari hii ya baridi ilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka ndani ya boksi la taa. Fungua kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne ukimpata wa kukusomea: elekeza paneli kusini, miezi ya baridi tegemea mwanga wa saa chache, theluji ikianza ingiza taa ndani. Hayo yote ni kweli, ila ni kweli kwa mtu mwingine. Aliandikiwa mtu wa London, ambako tarehe 21 Disemba mchana hauzidi saa nane, na jua la adhuhuri linainuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, kimo ambacho hapa kwetu jua hukifikia saa moja hivi baada ya kuchomoza. Huko mwezi wa Disemba paneli hupata kwa siku nzima nguvu isiyofika hata ile ya saa moja ya jua letu kali. Taa ikifa, ina haki ya kufa.

Sehemu nyingine wameileta ndugu zetu walioko huko. Kijana anapiga simu kutoka Uingereza: mama, taa zangu za bustanini zimekufa zote, nimeziweka stoo mpaka Machi. Mama naye, kwa kumheshimu mwanawe aliyesoma, ikifika Juni anapandisha stuli, anaishusha taa ya banda la kuku na kuifunga kwenye kanga. Mama yangu, irudishe.

Sasa tuliangalie jua letu wenyewe. Mungaa iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku fupi kuliko zote kwetu, ile ya katikati ya Juni kwenda mwisho, ina mchana wa saa 11 na dakika 50 hivi. Siku ndefu kuliko zote, ya Disemba, ina saa 12 na dakika 25. Tofauti ni kama nusu saa, muda wa kuchemsha maharage nusu. Hakuna taa itakayozimika saa tano usiku kwa kukosa nusu saa ya jua.

Na tukumbuke mvua zetu. Sisi wa Singida tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Aprili. Mawingu mazito ni ya miezi hiyo. Juni, Julai na Agosti anga ni jeupe, siku baada ya siku, na mtu anaanika mtama bila kuangalia juu. Kwa hiyo ile Disemba yenye mchana mrefu ndiyo inayoibia paneli, na Juni yenye mchana mfupi ndiyo inayoilipa.

Baridi yenyewe je? Hapa wengi watashangaa. Paneli hupenda baridi. Hii ya kawaida, ya silikoni, inapimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi moja inayoongezeka juu ya hapo inaipunguzia karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Unaweza kuiona ni kidogo. Lakini paneli iliyolala juu ya bati mwezi wa Novemba kabla ya mvua, upepo hakuna, inafika nyuzi 60 bila shida. Hapo imepoteza kama asilimia 14. Julai, na upepo wetu huu unaopuliza kutwa, ikawa nyuzi 40, imepoteza asilimia 6. Jua likiwa sawa, paneli ya Julai inafanya kazi kuliko ya Novemba.

Betri ndiyo isiyopenda baridi, lakini inaichukia baridi ambayo sisi hatuna. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Wenzetu wa Kitulo na Makete, ambako Juni na Julai wanaamka wakakuta barafu juu ya majani ya viazi, wana la kufikiria. Mungaa tunajifunika mablanketi, tunaota moto, tunalalamika, lakini barafu hatuioni.

Basi kama si baridi, ni nini?

La kwanza ni lile nililoliweka kwenye jina la mazungumzo haya. Jua la Juni liko kaskazini. Toka nje mchana, simama, utazame kivuli chako. Na usitoke saa sita kamili, maana saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45, unaopita huko karibu na Mogadishu, na sisi tuko karibu na nyuzi 35. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linafika katikati kwenye saa sita na dakika 40 hivi. Toka saa hiyo. Kivuli chako kitaangukia kusini, upande wa Manyoni. Ukitoka tena Disemba, kitaangukia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linakuwa utosini, na kivuli unakikanyaga.

Sasa chukua taa zile zinazouzwa sana, za kipande kimoja, paneli, betri na balbu vyote pamoja, za kupigilia ukutani kwa misumari miwili. Paneli yake inatazama kule ukuta unakotazama. Ukiipigilia ukuta wa kusini, basi sikiliza vizuri: tangu takribani tarehe 21 Machi mpaka 23 Septemba, ukuta wa kusini wa nyumba ya Mungaa haupigwi na jua moja kwa moja, si asubuhi, si mchana, si jioni. Jua linachomoza kaskazini ya mashariki, linapita kaskazini, linatua kaskazini ya magharibi. Taa hiyo inaishi kwa mwanga wa anga tu, na kivuli cha paa juu yake. Mwenye nyumba anaona jua kali uwanjani, anaona taa haikeshi, anasema baridi. Na yule aliyefuata kikaratasi cha boksi, akaielekeza kusini kwa makusudi, ndiye aliyeumia kuliko wote.

Dawa yake ni rahisi kusema. Taa ya kipande kimoja iende ukuta wa kaskazini, nje ya kivuli cha paa, au iwekwe juu ya nguzo. Kama mlango unaotaka kuumulika uko kusini, nunua ile ambayo paneli iko mbali na taa, zimeunganishwa kwa waya. Paneli inapanda juu ya paa, taa inabaki mlangoni. Na huko juu ilaze karibu iwe bapa kabisa, uiinamishe kidogo tu kuelekea kaskazini, nyuzi 10 au 15, kiasi cha mvua kuteremka. Hapo Juni itapata jua karibu lote, na Disemba haitapoteza kitu cha kukusumbua. Wenye tembe wana raha hapa: paa liko chini, mkono unafika, na udongo hauchemki kama bati.

La pili ni vumbi, na hili nataka tukae nalo.

Singida ina upepo. Si maneno ya kujisifu. Pale Kititimo, karibu na mji, walipopima kwa ajili ya mitambo ya kufua umeme, walikuta wastani unaokaribia mita 9 au 10 kwa sekunde, kati ya mahali penye upepo mzuri Tanzania nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila mwaka inapotoa mwelekeo wa kipupwe, inataja upepo pamoja na baridi. Sasa pandanisha upepo huo na shughuli zetu za miezi hiyo. Juni na Julai tunapiga alizeti, tunapura mtama na uwele, tunapepeta. Mifugo inapita kwenye njia kavu, pikipiki zinapita, makapi yanaruka. Hakuna hata tone la mvua la kuosha. Wiki tatu zikipita, paneli imevaa koti jekundu. Vumbi hilo halina haraka, linapunguza dakika chache leo na dakika chache kesho, na kwa kuwa baridi nayo inaongezeka siku hizo hizo, mtu anaona vitu viwili vinakwenda pamoja na anamkamata asiyehusika.

Paneli isafishwe, basi. Lakini wapo wanaosafisha wakaua. Nimeona watu wanasugua paneli kwa mchanga, kwa majivu, kwa stili waya ya kusugulia sufuria. Usifanye hivyo. Taa nyingi za bei nafuu hazina kioo juu, zina plastiki tu, na mkwaruzo hautoki. Anza na kitambaa kikavu laini au ufagio wa manyoya, toa vumbi bila kukandamiza, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu. Maji kikombe kimoja yanatosha. Sitamwambia mama anayefuata maji mbali mwezi wa Agosti amwagilie paneli kwa ndoo. Fanya asubuhi mapema, kioo kikiwa baridi, na mara nyingi umande wa usiku utakuwa umekulainishia kazi. Wakati wa kupura alizeti, kila wiki. Mvua zikianza, acha mvua ifanye kazi.

Hapo kuna jambo linalonisumbua ambalo sina jibu lake kamili. Taa ya nje tunaiweka juu sana kwa kuogopa wezi. Ikiwa juu sana, hakuna anayeifuta. Ikiwa chini, kijana mmoja mwenye bisibisi anaifuta moja kwa moja, taa na paneli. Mimi nachagua ya kufikiwa kwa stuli, bolti badala ya misumari, na mbwa.

Plastiki hiyo hiyo ina ugonjwa mwingine. Jua linaifanya iwe ya manjano, kisha inapata ukungu ndani ambao hauoshwi. Kabla ya kununua, gonga kwa ukucha. Kioo utakijua kwa mlio wake. Ukiambiwa na muuzaji ni kioo na mlio unasema plastiki, amini ukucha.

Kivuli kidogo nacho kina madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Vile vipande vya paneli vimeunganishwa mfululizo, umeme unapita kimoja hadi kingine, kama maksai waliofungwa nira moja: mmoja akilala, jembe zima limesimama. Ndiyo maana waya wa kuanikia nguo, tawi la mwarobaini, au jabali la nyuma ya nyumba, na sisi wa Ikungi majabali hatujakosa, linaweza kuangusha chaji nzima ingawa limefunika pembe tu. Utajua una tatizo hili ukiona taa inawaka yenyewe saa kumi na moja jioni wakati jua bado lipo. Taa haina saa ndani, inaisikiliza paneli. Kivuli kikiifunika, inadhani usiku umeingia. Kinyume chake kipo pia: taa iliyo jirani na balbu ya TANESCO inadhani ni mchana, haiwaki kabisa, na fundi anaipasua bure.

Sasa hesabu. Boksi limeandikwa wati 200, jingine wati 500, na juzi mnadani nimeona wati 1,000. Tuache boksi, tuangalie paneli. Jua kali la mchana linatoa karibu wati 1,000 kwenye eneo la mita moja ya mraba, na paneli nzuri inabadilisha karibu asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Paneli yenye ukubwa wa daftari la shule, kwa hiyo, inatoa kama wati 6. Si mia mbili, sita. Ipe saa tano za jua kamili, umepata wati-saa 30. Betri na saketi zinakula theluthi, zinabaki 20. Gawanya kwa usiku wa saa 12. Unapata chini kidogo ya wati 2.

Nani alisema wati 2 ni kidogo? Taa za LED za siku hizi, zilizotokana na ule ugunduzi wa taa ya bluu ulioleta Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa Akasaki, Amano na Nakamura, zinatoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Wati 2 zinaishinda chemli mara kadhaa, na zinamulika mlango na zizi usiku kucha. Tatizo ni kwamba mnunuzi anaibonyeza rimoti kwenye mwanga mkali kabisa, anafurahi, majirani wanafurahi, na saa nne giza. Iweke kwenye mwanga mdogo, au kwenye sensa ya mwendo, iwe hafifu na kuongeza pale tu kitu kinapopita. Akipita fisi, atashtuka yeye kwanza.

Niseme kidogo kuhusu fisi na usiku, maana taa ya nje kwetu haikuwahi kuwa pambo. Wazee wa Unyaturu wanakumbuka kusimuliwa habari za miaka ya 1940, Singida ilipotikiswa na mauaji yaliyosemekana ni ya simba-watu, mpaka kesi zikafika mahakamani, na wanahistoria bado wanabishana wapi alikuwa simba wa kweli na wapi mtu aliyevaa ngozi. Usiku wa zama zile ulikuwa wa koroboi ndani na giza nje. Leo bibi anatoka nje saa nane usiku, anaona zizi lake lote, anarudi kulala. Nikisikia mtu anaishusha taa hiyo miezi mitatu kwa kuogopa baridi, ndiyo maana napandisha sauti.

Umeme wa gridi unakuja, na sehemu nyingi umekuja. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, umefikisha nguzo vijijini. Lakini kaya zetu zimetawanyika, nguzo iko barabarani na zizi liko bondeni. Sola ya nje itakuwa nasi muda mrefu.

Betri nayo ikichoka, imechoka. Miaka miwili, mitatu, kutegemea aina. Ukimpelekea fundi aibadilishe, mwambie asome volti kwenye ile ya zamani. Zipo za lithiamu za volti 3.2 na zipo za 3.7, zinafanana kama mapacha. Ile ya 3.2 ukiiweka kwenye taa iliyotengenezewa 3.7, itajazwa kupita kiasi, na betri iliyojazwa kupita kiasi inavimba, na mara nyingine inawaka. Hapo usikubali la "itakubali tu, mzee".

Nimalizie na miezi ambayo kweli inastahili hofu. Mvua zikianza, kuanzia Disemba, kuna siku tatu au nne mfululizo paneli haioni jua la maana. Hapo ndipo pa kubana matumizi: mwanga mdogo, sensa, na zile taa mbili za mapambo zizimwe kwa swichi ili ile ya zizi iishi. Siku jua likitoka asubuhi kabla ya mawingu ya alasiri, hakikisha hakuna kinachoifunika.

Isipokuwa ule usiku wa kumbikumbi. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, udongo ukafumuka, wanatoka, na kila mtu anataka taa kali nje na beseni la maji chini yake. Taa nyeupe yenye ubluu inawavuta kuliko ya manjano, kwa hiyo ile ya mlangoni iwe ya manjano, usije ukala ugali na mabawa, na ile nyeupe ipeleke mbali kwenye beseni. Ondoa sensa, bonyeza mwanga wa juu kabisa. Itadumu saa mbili, tatu, na hizo zinatosha. Asubuhi mtume mtoto mmoja afute mabawa kwenye paneli, wengine wakikaanga.